Anza na Aliyekufa: Miaka Yangu Kwenye Masjala ya Chini

Vijana wa masjala mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitafuta majalada ya jinai ya zile mahakama ndogo za mashambani, kabla kompyuta hazijaanza kututafutia. Mlitaka kurasa mbili tatu za maelekezo. Maelekezo yamo humu, ila yamechanganyika na mambo mengine, tena nimeyaandika kwa Kiswahili, mtayatafutia mkalimani, na mtanisamehe.

Nilitoka Tabora, ambako nilikuwa karani wa masjala ya mahakama ya mwanzo, nikaja Stockholm kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya utunzaji wa nyaraka. Mwaka haujaisha nikaolewa na Mtanzania mwenzangu. Tukapanga nyumba Hagsätra, pembeni mwa mji, nikamzaa Salma, na nyumbani nikarudi kama mgeni tu. Salma alipoanza shule ya chekechea ndipo nilipopata kazi kwenye ghala la nyaraka mnalolijua, orofa mbili chini ya ardhi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Gunvor, mama mrefu mkavu aliyekuwa amefanya kazi humo tangu msichana. Alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. "Hivyo vinateleza," akasema. "Kesho uje na vya mpira." Kisha akanionyesha zile kabati zinazokwenda juu ya reli, zenye usukani pembeni, akanifundisha kwamba kabla hujazungusha lazima uite kwa sauti, maana huenda kuna mtu katikati ya kabati mbili.

"Umewahi kumbana mtu?" nikamuuliza.

"Bado," akajibu. "Lakini mkuu wetu mara nyingi husimama mahali pabaya."

Mwaka ule zilikuwa zikifungwa mahakama za wilaya za mashambani, zile za miji yenye kanisa moja, kiwanda cha mbao na duka la zana za kilimo. Majalada yao yaliletwa kwetu kwa malori. Moja ya wilaya hizo, ambayo sitaitaja, ilituletea masanduku yenye mavi ya panya, na ndani ya sanduku moja mlikuwa na soksi ya mtoto ambayo hadi leo hakuna anayejua iliingiaje. Hiyo ndiyo wilaya niliyokabidhiwa. Gunvor alisema itanitosha mpaka nistaafu, na hakukosea.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila shauri lina herufi na namba. Herufi B ni jinai. Hukumu zilijalidiwa kwa mwaka, kila mwaka kitabu chake. Jalada lenyewe, lenye mahojiano ya polisi, ramani na picha, liliwekwa kwenye sanduku kwa kufuata namba. Kuipata namba unahitaji kadi ya jina la mshtakiwa, na kadi hizo ziliandikwa kwa mkono na makarani wa kijijini ambao maisha yao yote walikuwa wameandika majina yale yale kumi. Likija jina la kigeni waliandika walichosikia. Kwa hiyo jifunzeni kutafuta jina kwa masikio. Gunvor alikuwa na daftari la makosa ya tahajia. Mimi nikaliongezea majina ya kwetu, ya Kirundi, ya Kikongo, na namna zote Msweden anavyoweza kuyaharibu.

Vifaa vyangu vilikuwa penseli (kalamu ya wino ni marufuku humo), kisu butu cha mfupa cha kutenganishia karatasi zilizogandana, kigoda, na koti zito hata mwezi wa saba.

Waliokuja kuomba majalada walikuwa wa aina mbili. Kuna watafuta ukoo, wanaofurahi wakigundua kuwa babu wa babu yao aliiba farasi. Hao huomba kahawa na kupiga picha. Na kuna wale ambao marehemu wao ni wa juzi. Hao hawavui koti. Mzee mmoja alikuja kutafuta hukumu ya mtu aliyemwibia baba yake boti. Nilitafuta wiki nzima kwa jina la mwizi sikupata, hadi Gunvor aliponiambia nitafute jina la baba mwenyewe. Ndipo nikalikuta. Baba ndiye aliyeiba. Mzee alisoma kurasa nne, akazipanga vizuri, akanirudishia, akasema, "Basi ndiyo maana hatukuwa tunakwenda kwa mjomba." Gunvor alinifundisha kwamba mtu hajibiwi. Anapewa kiti.

Fundisho lake jingine lilihusu shauri lisilo na kadi. "Usimtafute mshtakiwa," aliniambia. "Mshtakiwa anahama, anabadilisha jina, anakataa kuwa ndiye. Anza na aliyekufa. Huyo hakimbii." Gunvor alistaafu, akafariki, nikabaki na kabati zake na wilaya yangu ya panya.

Sasa nifike kwenye shauri lililofanya niandike haya.

Alianza kunipigia Mzee Zakaria, Mrundi wa Fisksätra, shemasi wa kanisa lao, ambaye kazi yake ya kujitolea ni kutembelea wagonjwa. Mimi ni Mwislamu, lakini msiba na ugonjwa hapa Stockholm havina dini, tulikuwa tunafahamiana.

"Mama Salma," akasema, "kuna mtoto wetu mmoja, binti. Anatafuta makaratasi ya mahakama ya baba yake. Baba yuko kitandani, hana siku nyingi. Anamwita huyo binti, binti anakataa kwenda. Anasema mpaka asome kwanza."

"Baba alifanya nini?"

"Wanasema aliua mama wa huyo mtoto." Akashusha sauti. "Mimi sijui. Mimi naenda kumwombea tu."

Binti alikuja kesho yake. Jina lake Konsolata, mwenye miaka thelathini na kitu, muuguzi wa meno, kiti nilimpa akakataa. Alilelewa na familia ya Kisweden tangu ana miaka miwili. Kiswahili alijua maneno matano, kwa hiyo tulizungumza Kisweden, na ninayoyaandika hapa nimeyaweka katika lugha yangu.

"Naambiwa alimzamisha ziwani," akasema. "Alikaa gerezani miaka mingi. Alipotoka aliniandikia barua, nilizitupa. Sasa yuko nyumba ya wazee Sundbyberg na anataka nije. Nataka nijue ninakwenda kumwona nani."

"Mwaka unaujua?"

"Siujui. Karatasi za walezi zina jina la wilaya tu, na kwamba mama amekufa, baba yuko kifungoni."

"Na jina lake kamili?"

Alilitaja: Melkiori, na jina la pili la Kirundi lenye herufi tatu za kwanza ambazo hakuna karani wa Kisweden angeziweza. Nilijua hapo hapo kwamba kadi haitakuwepo, na haikuwepo. Nilitafuta kwa kila tahajia iliyokuwa kwenye daftari. Siku nne zikapita. Mzee Zakaria akapiga tena kusema mgonjwa ameacha kula.

Siku ya tano nikafanya nililofundishwa. Nilimwacha Melkiori nikamtafuta mkewe, Yustina, kwenye vitabu vya vifo vya parokia za wilaya ile, ambayo ndiyo hii yangu ya panya. Nilimpata katika kitabu cha tatu: mkimbizi kutoka Burundi, miaka ishirini na minne, amezama. Kulikuwa na tarehe. Kutoka hapo nikachukua orodha ya vikao vya mahakama vya miezi iliyofuata, nikapekua kikao kimoja kimoja, mpaka nikaona kesi ya mauaji. Wilaya ile haikuwa na mauaji mengi. Mshtakiwa alikuwa ameandikwa kwa jina la baba yake mzazi, tena limekatwa nusu. Nikaipata namba, nikaita kwa sauti, nikazungusha usukani, nikashusha sanduku.

Shauri lilikuwa hivi. Melkiori na Yustina walikulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, wakaletwa Sweden, wakapewa nyumba na manispaa ng'ambo ya ziwa, mbali na kituo cha basi. Wakati wa baridi watu walikatiza juu ya barafu ili wasizunguke. Jioni moja mwisho wa majira ya baridi walishuka basi wawili, mtoto wakiwa wamemwacha kwa jirani. Alifika Melkiori peke yake, amelowa hadi kifuani. Majirani walisema wiki ile waliwasikia wakigombana. Kwenye mahojiano ya kwanza, alfajiri yake, alikiri kumuua. Mahakamani, kwa mkalimani wa Kirundi, akasema ilikuwa ajali. Mahakama ikaandika kwamba amebadilisha maelezo yake, na kwamba ungamo la kwanza, lililotolewa bila kushurutishwa, ndilo la kuaminika.

Ndani ya jalada mlikuwa na bahasha yenye kaseti. Wakili wake aliomba iwekwe kama kielelezo, ingawa hakuna dalili kwamba kuna aliyeisikiliza pale mahakamani kwa sikio la Kiswahili. Mahojiano yale yalifanywa kwa Kiswahili, kwa simu, maana alfajiri ile mkalimani wa Kirundi hakupatikana.

Hatukutakiwa kusikiliza vielelezo, ila kukagua kama vimeharibika. Nilijiambia ninakagua. Nikaiweka kwenye ile redio kaseti ya zamani ya chumba cha ukarabati.

Kwanza sauti ya polisi, mpole, akisoma tarehe. Kisha mwanamume anayetetemeka meno. Akasema, na nimeisikiliza mara nyingi kiasi kwamba naiandika bila kutazama: "Nimemuua mimi. Nimemuua mke wangu. Aliniambia barafu ni mbovu, tuzunguke, mimi nikamshika mkono nikamvuta."

Mkalimani akasema kwa Kisweden: "Anasema amemuua. Amemuua mke wake."

Yule mwanamume bado alikuwa akiongea. Polisi akaingilia, akauliza ilikuwa saa ngapi. Mkalimani akamwambia: "Anauliza, ilikuwa saa ngapi?" Na mwanamume, kwa adabu ya mtu aliyelelewa kambini, akaliacha lile lake akajibu alichoulizwa.

Kila anayezungumza lugha hii anajua. Mtu aliyefiwa na aliyemtuma dukani atasema nimemuua mimi. Mama aliyechelewa kumpeleka mtoto hospitali atasema nimemuua mimi. Hayo ni majuto, na sentensi iliyofuata ndiyo iliyoyaeleza. Sentensi hiyo haikufika upande wa pili.

Sauti ya mwanamume sikuitambua. Ya mkalimani nimeishi nayo maisha yangu yote.

Nilipokuwa sijapata kazi nilikuwa nikitafsiri kwa simu, nyumbani, kwa ofisi zilizoomba. Tulikuwa wachache wenye Kiswahili na Kisweden cha kutosha, na changu hakikutosha. Hospitali, shule, polisi, walipiga, ukatafsiri, wakakata. Hukuambiwa kilichofuata. Kwenye ile kaseti, nyuma ya mkalimani, kuna mtoto mchanga analia. Mtoto yule ni Salma. Nilijitahidi kuikumbuka simu ile. Nilikaa kwenye kigoda nikajitahidi hadi taa za kujizima zikajizima. Sikuikumbuka. Naona nilikuwa na haraka ya kumnyonyesha.

Nilipanda juu nikamwambia mkuu wangu. Alikuwa kijana, mtu mwema. Alifunga mlango.

"Jalada linasema mkalimani kwa simu, hakuna jina," akasema. "Kisheria huna wajibu wa kumwambia. Ujitoe kwenye shauri hili, mimi nitampa nakala. Picha zibaki kwenye bahasha."

"Na kaseti?"

"Nakala ya kaseti atapata akiomba."

"Hajui Kiswahili. Atasikia baba yake anaongea na hataelewa, na chini yake atasikia mimi nikimwambia baba yake ni muuaji."

Akasugua macho. "Zuhura, sheria haifiki hapo."

Konsolata nilimwambia mimi mwenyewe, kwenye chumba cha wasomaji, saa nne asubuhi, watafuta ukoo wawili wakiwa meza ya pili. Nilimweleza kaseti inasema nini, neno kwa neno, na nini kilipotea. Kisha nikamwambia nani alikipoteza.

Konsolata hakupaza sauti. Aliuliza, "Kwa nini hukumalizia?"

"Polisi aliuliza swali. Nikalifuata swali."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Kwa hiyo hakumuua."

"Sijui, mwanangu. Najua alichosema. Sikuwepo ziwani."

"Usiniite mwanangu," akasema. Akafunga zipu ya koti ambalo hakulivua. "Mzee Zakaria anasema baba amesahau Kisweden chote. Kimemtoka na ugonjwa. Jumamosi utakuja Sundbyberg. Utatafsiri kila kitu. Hata akikohoa."

Nikaenda. Chumba kilikuwa orofa ya tatu, dirisha likitazama reli. Mzee Zakaria alikuwa ameketi pembeni na Biblia imefungwa magotini. Melkiori alikuwa mdogo mno kitandani, kichwa cheupe, lakini yuko macho kabisa. Alipomwona Konsolata alitaka kuinuka, Zakaria akamzuia.

"Shikamoo, baba," nikasema, ingawa hatukupishana sana umri. Sikuona salamu nyingine inayonistahili.

"Marahaba. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Aa, karibu na kwetu pale." Akamtazama binti. "Mwambie amekuwa mrefu kama mama yake."

Nikatafsiri. Konsolata alibaki amesimama miguuni mwa kitanda. Akauliza moja kwa moja: "Ulimsukuma?"

"Hapana," akasema Melkiori. "Nilimvuta. Hakutaka kupita pale, tukagombana, nikamshika mkono nikamvuta. Nilikuwa na haraka ya nyumbani."

Nikatafsiri. Niliacha nafasi, kama kuna kinachofuata. Kilikuwepo.

"Alipozama nilikuwa bado nimemshika. Nililala kifudifudi. Barafu ikaanza kuvunjika chini ya kifua changu, maji yakaingia." Alipumua. "Nikamwachia."

Zakaria akainua kichwa. Nadhani hata yeye, katika ziara zake zote, hilo hakuwahi kuambiwa.

Nitawaambia ukweli: nilitamani kulilainisha. Katika lugha ya Kisweden kuna namna ya kusema aliponyoka, na hakuna mtu chumbani ambaye angenikamata isipokuwa Zakaria, naye angenishukuru. Nilisema: nikamwachia. Nikalisema kwa wakati na nafsi ile ile aliyolisema yeye.

Konsolata alishika chuma cha kitanda. Akauliza, "Alisema kitu?"

"Alisema jina lako," Melkiori akajibu. "Ndiyo maana nikarudi ufukweni. Nilisema mmoja wetu lazima afike kwa huyu mtoto. Halafu wakanipeleka mbali na wewe. Basi."

Nilitafsiri na hilo. Binti akaketi. Alikuwa hajaketi mbele yangu tangu siku ya kwanza.

Hapo nikaona siwezi kutoka chumbani bila kusema langu. Nikamwambia Melkiori kwa Kiswahili kwamba alfajiri ile, ile sauti ya simu, ilikuwa mimi, na kwamba nusu ya maneno yake sikuyafikisha. Nikamwomba radhi. Konsolata akauliza ninasema nini, nikamtafsiria na hayo, maana alisema kila kitu.

Melkiori alinitazama kama mtu anayetafuta sura kwenye umati.

"Siku ile," akasema, "nilikuwa sijasikia Kiswahili kwa wiki nyingi isipokuwa kwa mke wangu. Kabla hawajawasha mashine, ukasema pole ndugu yangu. Nikafurahi sana. Ndiyo maana nilisema yote."

Nilimtafsiria Konsolata, na lile la pole, na lile la kufurahi.

Alifariki Jumatano iliyofuata. Konsolata alikuwepo, Zakaria aliniambia. Mimi sikualikwa mazikoni, na sikwenda.

Wiki chache baadaye Konsolata aliomba kesi ifunguliwe upya kwa niaba ya marehemu. Kwa ajili hiyo alinitaka niandike kaseti nzima, Kiswahili upande mmoja na Kisweden upande wa pili, kila neno, pamoja na kilio cha mtoto mahali kinapoanza na kinapokoma, na niweke sahihi na jina langu. Niliifanya kazi hiyo kwa siku tatu. Alikuja kuichukua mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akafika pale, akaweka kidole.

"Hii sentensi ambayo hukuitafsiri. Inachukua muda gani?"

Nilikuwa nimeipima. "Sekunde sita."

Alikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. Sijamwona tena.

Ombi lilikataliwa. Majaji walisema maneno hayo mapya yanaonyesha mshtakiwa alieleza kwa namna zaidi ya moja, na kwamba hayatoshi kubadili matokeo. Mkuu wangu ndiye aliyenisomea, mlango umefungwa, kwa sababu Konsolata hanipigii, na sina haki ya kumpigia.

Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkaniomba niseme neno kwa vijana. Nikasema mfunge vizuri mlango wa orofa ya chini, unyevu unaingia. Mkacheka. Ni kweli lakini, unaingia.

Jalada la Melkiori lipo kabati ya kumi na tisa, rafu ya chini, herufi B. Kadi yake sasa ipo, chini ya jina lake sahihi. Maandishi yangu ya ile kaseti, nakala niliyobaki nayo, yamo mwisho kabisa, nyuma ya kaseti, yana jina langu lote. Si siri. Mtu yeyote akiyaomba, mpeni, na mpeni kiti.